Wageni Arobaini na Mmoja

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mlinda lango alifuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, akaweka daftari la wageni katikati, akavuta uzi wa kalamu kuhakikisha umefungwa sawasawa. Watu huiba kalamu, hata wale wanaokuja na mashada ya maua na miwani ya jua. Kisha akafungua geti la makaburi. Foleni ilikuwa tayari. Wanaume arobaini na mmoja walikuwa wamesimama kando ya ukuta wa nje, kama kila siku, kila mmoja na kata ya majani makavu kichwani, ya kubebea mzigo, mabega yana udongo, nguo zinanuka moshi. Muuza magazeti wa pale nje alikuwa akiwasogeza kwa kiwiko wasimkanyagie bidhaa zake.

"Mmoja mmoja jamani," mlinda lango akasema. "Hakuna anayefukuzwa."

Walikuwa marehemu. Hilo halikuwa na ubishi. Walikufa miaka themanini na tatu iliyopita na wakazikwa humo humo ndani, upande wa chini. Ila majina yao hayamo kwenye rejista ya makaburi, na kwa kanuni za ofisi, asiyemo kwenye rejista si maiti wa pale. Ni mgeni. Mgeni husaini akiingia, na ikifika saa kumi na moja jioni hutoka, awe hai au asiwe. Basi hao kila jioni walitoka, wakasimama ukutani mpaka asubuhi, wakarudi kusaini. Mlinda lango alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini na hakuwahi kuona hata mmoja akichelewa.

Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo aliwaandikia. Tarehe. Jina. Anatoka wapi. Sababu ya kuja. Kwenye safu ya tatu aliandika "Ukutani". Kwenye ya nne, siku za mwanzo kila mtu alikuwa na maelezo yake marefu, foleni haisogei, wageni wenye maua wananung'unika nyuma. Siku hizi aliandika "Kuzuru" na kuendelea.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa babu yake, baba mzazi wa baba yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, sikio moja limeungua. Mlinda lango alikuwa na hamsini na mbili na magoti mabovu.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Babu, tumeshalizungumza hili."

"Umri ni umri."

"Na ukoo ni ukoo. Mimi siitikii. Umeamkaje?"

"Sijalala."

Akamwandikia jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, kwa herufi kubwa zisizo na haraka. Wengine aliwaandikia mwandiko wa kawaida. Ndio upendeleo wenyewe aliokuwa na uwezo nao.

Ukiingia makaburini, mkono wa kulia kuna kibao cha historia. Kinasema hapo palikuwa kambi ya jeshi wakati wa vita, kwamba vita vilipokwisha maiti za askari ziliokotwa kutoka maporini na kandokando ya reli, zikaletwa zikalazwa kwa safu, na kwamba mawe meupe yaliletwa kwa meli, kila jiwe na jina lake. Mawe ni mia mbili na kumi na mawili. Mtunza bustani huyasugua kwa mswaki, herufi moja moja, na majani huyakata yasizidi urefu wa kidole. Ni mahali pazuri, tusidanganyane. Wageni wa siku hizi hushuka kwenye mabasi yenye viyoyozi, hutafuta jina la mjomba wa babu yao, hupiga picha, wengine hulia machozi ya kweli. Kisha hushuka upande wa chini kupumzika, kwa sababu huko kibao kinasema: eneo la wazi. Kuna mabenchi manne. Kuna na kibao kingine kidogo cha chuma: MARUFUKU KULALA KWENYE MAJANI.

Hicho kibao kidogo ndicho kilichokuwa kikiwatesa wale wanaume. Kila asubuhi walishuka upande wa chini, kila mmoja akaenda moja kwa moja mahali pake, akasimama juu yake. Mwaka wake wa kwanza, mlinda lango aliwaambia walale tu, yeye hana macho. Walilala kama magogo. Wiki ile ile akapata barua ya onyo kutoka ofisini, yenye muhuri, ikimkumbusha kwamba wageni hawalali. Akaibandika ndani ya kibanda chake, na tangu hapo wanaume wakasimama. Watalii walikula mikate yao miguuni pao na kuwaomba radhi wakiwapita.

Jinsi walivyokosekana kwenye rejista, babu alimsimulia kidogo kidogo. Walikuwa wapagazi. Walichukuliwa makwao, majina yao yakaandikwa vizuri tu na mtu aliyejua lugha, karatasi ikabaki na huyo mtu. Kambini wakapokelewa na karani mgeni, hajui hata neno la maji. Karani akawapanga mstari, akamnyooshea penseli wa kwanza ili ataje jina. Wa kwanza akadhani wanahesabiwa, akasema, "Nipo." Karani akaandika. Akamnyooshea wa pili. "Nipo." Akaandika. Akaenda hivyo hivyo mpaka wa arobaini na mmoja, akafunga kitabu, akawagawia vibati vya shingoni vyenye namba. Babu alikuwa wa kumi na saba.

"Hamkuona kuna kitu hakiko sawa?" mlinda lango aliwahi kumuuliza.

"Tuliona kazi imeanza. Masanduku yalikuwa yanasubiri."

Walibeba masanduku ya risasi miezi minne. Jioni walifungiwa ghalani pamoja na masanduku, kufuli kubwa nje, ili wasitoroke. Alfajiri moja ghala likawaka. Wote waliungua, wakazikwa kwa koleo bondeni, huo upande wa chini, siku hiyo hiyo. Baada ya vita, ile karatasi ya kwanza ikafika kambini, ofisa akawaita wale watu kwa majina yao ya kweli, hakuna aliyeitikia, akaandika mbele ya kila jina neno moja: mtoro.

Ndiyo maana bibi yake mlinda lango, alipokwenda na mtoto mgongoni kuulizia mume, aliambiwa mumewe kakimbia. Matanga hayakuwekwa, kwa sababu matanga hayawekwi kwa mtu aliyekimbia. Bibi akakaa miaka sita akimsubiri mumewe, kisha miaka thelathini akimchukia, akafa. Na yule mtoto wa mgongoni akakua akiitwa Mwana-Mtoro. Shuleni aliitwa hivyo. Alipofungua banda la kutengeneza saa, watu walielekezana kwa Mwana-Mtoro pale, kona ya pili. Hata wateja wake wazuri walimwita hivyo wala hawakukusudia ubaya, na hilo lilimuuma zaidi.

Fundi saa alikuwa hai bado, miaka themanini na miwili, amelala chumba cha nyuma kwa binti yake, huyo mlinda lango, mapafu yakipiga mluzi. Alijua kila kitu. Siku ile ile binti aliporudi kutoka kazini mara ya kwanza na kumwambia, "Baba, nimemwona babu, yuko kwenye foleni," mzee aliuliza anafananaje.

"Anafanana na wewe kwenye picha ya harusi."

"Basi ni kijana."

"Kijana kabisa. Twende kesho."

Mzee akakataa. Miaka kumi na mmoja alikataa, kwa maneno yale yale. "Nikienda sasa nakwenda kama mgeni wa mgeni. Waandike kwamba yumo, nitakwenda kwa miguu yangu. Nataka nikamkute baba yangu yuko kwake." Alitaka jambo moja tu kabla hajafumba macho: jina la baba yake liondolewe kwenye watoro. Na sasa, kwa jinsi mluzi wa kifua ulivyokuwa unapanda, muda ulikuwa unakatika.

Kwa hiyo ilipokuja barua kwamba mkaguzi anakuja kushughulikia suala la wapagazi, mlinda lango alipiga pasi sare yake mara mbili.

Mkaguzi alifika saa mbili na robo, akapanga foleni nyuma ya wale wanaume, akasaini. Alikuwa mtu mpole, ana mkoba wa ngozi na mafua. Alieleza kwamba ofisi imeona umefika wakati wa kuwakumbuka na wapagazi. Kutakuwa na bamba la shaba upande wa chini. Atakayeandikwa kwenye bamba atahesabiwa kazikwa pale, na kibao cha marufuku hakitamhusu.

"Atalala?" mlinda lango akauliza.

"Atalala. Kanuni iko wazi."

Moyo ulimruka. Akavuta droo ya chini akamtolea madaftari yote ya miaka kumi na mmoja, mengine yamevimba kwa unyevu. Majina arobaini na moja kwa kila siku ya Mungu, mwandiko mmoja, hakuna kilichofutwa. Mkaguzi akayapekua kwa heshima, akipenga kamasi.

"Kazi safi sana hii," akasema. "Lakini hili ni daftari la wageni, dada yangu. Linathibitisha kwamba walitoka nje. Ndicho wanachosema wanaopinga bamba kule ofisini."

"Basi waulize wenyewe. Si hao hapo?"

Wakashuka bondeni. Mkaguzi akaanza na babu, kwa kuwa mlinda lango aliomba. Akamwuliza kama ana kitambulisho. Babu akatoa kibati kutoka shingoni, kimepinda kwa moto, namba kumi na saba inasomeka. Uso wa mkaguzi ukachangamka. Alifungua nakala ya kitabu cha karani, akashusha kidole.

"Kumi na saba. Umo. Wewe ni Nipo."

"Hapana, bwana. Mimi siitwi Nipo. Nilisema nipo."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nilimaanisha nimefika. Nimesimama hapa."

"Naelewa," mkaguzi akasema, na ilionekana anaelewa kweli. "Ila siwezi kuandika ulichomaanisha."

Akazunguka kwa wote. Kila mmoja akatoa kibati, kila mmoja akakutwa ni Nipo, kila mmoja akakana. Saa sita mchana alikuwa amemaliza. Aliketi benchi mojawapo akala yai la kuchemsha, akaandika ripoti.

Majibu ya ofisi yalifika baada ya wiki tatu. Mlinda lango aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa chini akayasoma tena. Ofisi ilifurahi kuthibitisha kwamba mpagazi aitwaye Nipo alizikwa pale. Kwa kuwa jina hilo limerudiwa mara arobaini na moja, dhahiri kwa makosa ya kikarani, ofisi imeridhia kuwa ni mtu mmoja. Bamba litakuwa na jina moja. Mkaguzi atafika Alhamisi kukamilisha na mtu huyo, sharti awepo ndugu wa damu wa kutia saini.

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani kuichana ile barua vipande vipande na kuvitupa barabarani, ila barua za ofisi hutunzwa kwenye faili, akaitunza. Aliposhuka kuwaeleza, wanaume walimsikiliza wamesimama, kila mtu mahali pake. Hakuna aliyepaza sauti. Walikuwa wameshapokea barua nyingine maishani, na baada ya maisha.

"Mwenye ndugu hapa ni huyu peke yake," mmoja akasema, akimwonyesha babu kwa kidevu. "Wa kwetu wamekwisha, au hawajui kama tupo. Alale yeye."

"Silali peke yangu," babu akasema.

"Usilete ubishi. Mmoja akilala ni afadhali kuliko wote kusimama. Angalau tutajua inawezekana."

Babu akatazama miguu yake. Akasema hawezi kuamua bila mwanawe, kwa sababu jambo hili linamgusa mwanawe kuliko yeye.

Jioni ile mlinda lango aliketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake, akamweleza yote bila kutia chumvi. Mzee alisikiliza macho yako darini. Mwisho akasema, "Nitafutie lile koti langu la kijivu."

"Baba, umesema hutakwenda mpaka waandike."

"Nimesema mengi. Alhamisi tunakwenda."

Alhamisi walifika kwa teksi. Mzee akasaini daftari mwenyewe, na kwenye sababu ya kuja akaandika "Baba". Akashuka bondeni akishika mkono wa binti, akisimama kila hatua tano kuvuta pumzi. Hakuhitaji kuonyeshwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya kijana mwenye sikio lililoungua, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

Kijana alimtazama mzee yule kipara, meno matatu, koti linampwaya.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekuwa mkubwa."

"Nimezeeka, baba."

"Mama yako alisemaje juu yangu?"

Fundi saa maisha yake yote hakuwahi kudanganya mtu kuhusu saa iliyoharibika, na hili lilimshinda vile vile. "Alisema ulikimbia," akajibu. "Ndivyo alivyoambiwa."

Kijana akatikisa kichwa polepole. Hakulia; waliokufa kwa moto hawana machozi. Binti akageuka kutazama pengine.

Mkaguzi, ambaye mafua yalikuwa yamempungua, alitandaza fomu juu ya mkoba wake. Bamba lilikuwa limekwisha pigiliwa kwenye jiwe fupi pembeni, linang'aa: NIPO, MPAGAZI. Mzee akatoa mfukoni kioo chake cha kukuzia, cha kazi ya saa, akakibana jichoni, akaisoma fomu mstari kwa mstari kama anayetafuta jino lililokatika kwenye gurudumu dogo. Alipofika chini akarudi juu.

"Hapa panasema nathibitisha kwamba baba yangu ni Nipo, na kwamba sina wala sitakuwa na dai juu ya jina jingine lolote."

"Ndiyo, mzee."

"Na yule aliyeko kwenye orodha ya watoro, mwenye jina la baba yangu, anakuwa nani?"

"Anabaki alivyo."

"Anabaki mtoro."

"Kwenye orodha, ndiyo."

"Baba wa nani?"

Mkaguzi hakuwahi kuulizwa hivyo. "Wa hakuna mtu," akasema. "Ukisaini, hana mtoto."

Mluzi wa kifua cha mzee ukasikika bonde zima. Miaka themanini na miwili alikuwa akingoja karatasi ya ofisi, na karatasi ndiyo hii. Akisaini, jina la baba yake litabaki na uchafu wake mpaka kiyama, na hakutakuwa na mtu mwenye haki ya kulisafisha. Binti alimshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini asisaini, warudi nyumbani, yeye ataandika barua nyingine, ataandika mia. Alikuwa anasema kweli. Mzee alimpapasa mkono bila kumtazama. Alikuwa anamtazama kijana.

"Baba," akasema, "umechoka?"

Kijana alitazama wenzake, akatazama bamba.

"Miguu," akasema hatimaye. "Miguu tu."

Mzee akasaini.

Mkaguzi akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. Babu akaja mbele ya mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili iliyonuka moshi, akakiachia. Kisha akavua kata kichwani, akaiweka kwenye majani, akalala, kata chini ya shingo, akavuta pumzi moja ndefu ambayo mlinda lango hajawahi kuisikia kwa mtu aliyelala kitandani. Majani yakamfunika taratibu, kuanzia miguuni. Yalipofika usoni tayari alikuwa usingizini. Wale arobaini waliangalia mpaka mwisho. Mmoja wao alishusha goti kidogo, kama anayejaribu, kisha akakumbuka kibao, akasimama sawa.

Mkaguzi alimpa kila mtu mkono, akaenda zake.

Mzee aliomba abaki. Binti akamletea kiti cha kibandani, akamweka kando ya mahali pale, akarudi langoni kwake. Mchana ule likaja basi la watalii, wakapumzika bondeni, mmoja akasoma bamba na kumwambia mwenzake kwamba kumbe palikuwa na mpagazi mmoja. Mzee aliwasikia. Aliinama, akaongea na majani kwa sauti ndogo, akieleza mambo ya miaka themanini na miwili, kwanza banda la saa, halafu mke aliyekwishatangulia, halafu mama yake, na kila baada ya muda akisimama ili apumue.

Saa kumi na moja kasoro tano mlinda lango akashuka. Wale arobaini walikuwa wameshaanza kupanda kuelekea nje.

"Baba, muda umekwisha."

"Nimeshatia saini. Mimi ni ndugu yake."

"Ndugu ni mgeni, baba. Wanaobaki ni waliozikwa tu."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo kanuni ilivyo. Mzee alimtazama binti yake aliyevaa sare, kisha akamnyooshea mkono amwinue. Wakapanda pole pole. Binti akamtoa nje ya geti pamoja na wengine, akarudi ndani kufunga madirisha ya kibanda na kuhesabu mabenchi, kazi ya dakika kumi ambayo haiachwi. Teksi ilikuwa upande wa pili wa barabara. Magari ya saa ile yalikuwa yanapita mfululizo, hakuna anayepunguza mwendo, na mzee akabaki ukingoni na kofia mkononi. Mmoja wa wale arobaini akatoka ukutani, akamshika kiwiko, akasimamisha magari kwa kiganja, akamvusha. Akamfungulia mlango, akamkalisha. Kisha akarudi ng'ambo, akakuta wenzake wameshasogeleana kuziba pengo, akapata nafasi mwishoni, akasimama.